Alexander Fleming, Mgunduzi wa Penisilini, na Koo la Mtu Aliyekatiza Dozi



Kila mwaka tarehe 3 Februari Kanisa humkumbuka Mtakatifu Blasi, Askofu wa Sebaste na Mfiadini. Siku hiyo padre huchukua mishumaa miwili iliyobarikiwa, akaishika kwa mfano wa msalaba, akaiweka shingoni mwa kila mwamini na kumwombea aepushwe na maradhi ya koo. Hapa Kagongwa mstari wa baraka hiyo haushangazi. Mji wetu ni wa mashine za kukoboa mpunga, wa malori yaendayo Rwanda na Burundi, na wa vijana wanaopita kuelekea machimbo ya dhahabu ya Kakola na Geita. Vumbi tunalijua, na koo linalowasha tunalijua.

Lakini upo mstari mwingine usio na siku maalumu. Ni ule wa dukani kwenye dawa. Mtu anafika akiwa ameshika shingo, anaomba vidonge vya rangi mbili, tena vinne tu kwa sababu fedha aliyo nayo ndiyo hiyo. Anameza viwili jioni na viwili asubuhi, maumivu yanapoa, anarudi kwenye mizigo yake. Hatumhukumu mtu huyo. Nasi tuliosoma bweni tunakiri kwamba tulifanya yaleyale: mwenzetu akipewa dozi kamili zahanati, vidonge viligawanywa kitanda hadi kitanda kwa kila aliyelalamika koo, nasi tukauita huo upendo wa kindugu.

Toleo hili tumeona vema tuwasimulie maisha ya mtu ambaye, miaka mingi kabla yetu kuzaliwa, alisimama mbele ya wataalamu wakubwa wa dunia na kueleza habari ya mtu wa namna hiyo hasa. Jina lake ni Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini.

Mtoto wa mkulima

Fleming alizaliwa tarehe 6 Agosti 1881 katika shamba la Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel huko Uskoti. Baba yake, Hugh, alikuwa mkulima na mfugaji aliyefiwa na mke wa kwanza akiwa na watoto wanne. Akamwoa Grace Morton, nao wakapata watoto wengine wanne. Alexander alikuwa wa tatu kati ya hao wa mama wa pili. Alipokuwa na umri wa miaka saba baba yake alifariki, na mama akabaki na kazi ya kulea familia hiyo kubwa pamoja na wana wakubwa wa shamba.

Watoto walikwenda shule kwa miguu, wakapita mabonde na vijito katika baridi na mvua. Baadaye Fleming alisema kwamba huko ndiko alikojifunza kutazama vitu kwa makini: wapi samaki hujificha, wapi ndege hutaga. Msomaji aliyekua akichunga ng'ombe katika mbuga za Usukuma ataelewa. Mchungaji mdogo huona jambo ambalo mpita njia halioni.

Akiwa kijana wa miaka kumi na mitatu hivi alikwenda London kuishi na ndugu zake. Alisoma kidogo, kisha akaajiriwa kuwa karani katika ofisi ya kampuni ya meli kwa miaka minne. Kazi hiyo haikumpendeza. Mwaka 1901 alipata sehemu ya urithi kutoka kwa ndugu wa baba yake, na kaka yake Tom, aliyekuwa tayari daktari, akamshauri aitumie kusomea udaktari. Ndivyo alivyoingia chuo cha hospitali ya St Mary's, London. Alichagua chuo hicho si kwa sifa yake ya elimu, bali kwa sababu aliwahi kucheza mchezo wa mpira wa majini dhidi ya timu yake. Mungu hutumia hata sababu ndogo.

Mpasuaji ambaye hakupasua

Fleming alikuwa mwanafunzi hodari. Alihitimu udaktari mwaka 1906, na mwaka 1909 alifaulu mtihani wa Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji. Kwa hiyo alikuwa na kila haki ya kushika kisu, lakini hakufanya kazi hiyo. Alikuwa mlenga shabaha mzuri, na wenzake wa timu ya kulenga shabaha hawakutaka aondoke St Mary's. Walimtafutia nafasi katika maabara ya Profesa Almroth Wright, mtaalamu wa chanjo. Aliingia humo akidhani ni kwa muda mfupi, akabaki karibu maisha yake yote.

Ili tutambue uzito wa kazi iliyomngoja, yafaa tukumbuke hali ya ugonjwa wa koo wakati huo. Leo tunapotaja mafindofindo, yaani uvimbe wa tezi mbili zilizo pande zote za koromeo, wengi wetu tunaona ni jambo dogo. Zamani halikuwa dogo. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alishikwa na uvimbe wa koo mwezi Desemba 1799, na katika muda usiofika siku mbili alikuwa amekufa, huku madaktari wake wakiwa wamemtoa damu nyingi kwa kudhani ndiyo tiba. Koo lenye usaha liliweza kuzaa jipu linaloziba njia ya hewa, au sumu ya bakteria ikaenea katika damu.

Daktari wa mwaka 1909 alikuwa na nini mkononi? Maji ya chumvi ya kusukutua, dawa za kutuliza homa, na kisu. Watoto wengi sana wa Ulaya na Marekani walikatwa tezi za koo katika miaka hiyo, wengine bila sababu ya kutosha, kwa kuwa hapakuwa na dawa ya kumeza au kudunga iliyoweza kuwafikia bakteria na kuwaua bila kumdhuru mgonjwa. Fleming alikuwa amefuzu kushika kisu hicho. Yeye akaitafuta njia nyingine.

Vita na vidonda

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Fleming alikwenda Ufaransa akiwa daktari wa jeshi. Yeye na Wright waliweka maabara katika jengo la kamari lililogeuzwa hospitali huko Boulogne. Aliwaona vijana wakifa, si kwa risasi yenyewe, bali kwa vidonda vilivyooza siku chache baadaye.

Wakati huo madaktari waliosha vidonda kwa dawa kali za kuua vijidudu. Fleming alionyesha kwa majaribio kwamba katika kidonda chenye kina dawa hizo zilifanya kinyume cha matarajio: ziliua chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, kuliko zilivyoua bakteria waliojificha ndani. Somo hilo hakulisahau. Dawa njema si ile iliyo kali tu. Ni ile inayomshambulia adui na kumwacha mwenye nyumba.

Katikati ya vita hiyo, Desemba 1915, alimwoa Sarah McElroy, muuguzi kutoka Ireland. Walijaliwa mtoto mmoja wa kiume, Robert, aliyezaliwa mwaka 1924 na baadaye akawa daktari.

Kamasi, machozi na ukungu

Aliporudi London aliendelea na uchunguzi wake. Mwishoni mwa mwaka 1921 alikuwa na mafua. Akachukua kamasi yake mwenyewe, akaiweka kwenye kisahani cha kuoteshea bakteria, na siku zilipopita akaona kwamba bakteria walio karibu na kamasi ile walikuwa wameyeyuka. Akatambua kwamba mwili wenyewe hutengeneza kitu cha kujilinda, akakiita lisozaimu. Kimo katika kamasi, katika mate, katika machozi. Wenzake wa maabara walikamuliwa machozi kwa maji ya limau ili apate cha kupimia. Kitu hicho hakikuweza kuua bakteria wabaya zaidi, lakini kilimfundisha kwamba jambo analolitafuta linawezekana.

Mwaka 1928, tarehe 3 Septemba, alirudi maabara baada ya likizo. Mezani palikuwa na visahani vilivyooteshwa bakteria aina ya stafilokoki, wale wanaosababisha majipu. Kisahani kimoja kilikuwa kimeingia ukungu, kama ule unaoota juu ya mkate uliolala. Mtu mwingine angekitupa. Fleming alitazama tena, akaona kwamba kuuzunguka ukungu ule bakteria walikuwa wametoweka. Ukungu ulikuwa wa jamii ya Penicillium, na umajimaji uliotoka humo akauita penisilini.

Alipima zaidi akaona kwamba umajimaji huo uliwaua pia streptokoki, bakteria wa koo lenye usaha, na kwamba haukuzidhuru chembe nyeupe za damu. Aliandika matokeo yake katika jarida la kitaalamu mwaka 1929. Hata hivyo yeye na wasaidizi wake walishindwa kuisafisha penisilini na kuihifadhi. Iliharibika upesi, na ilipatikana kidogo mno. Ulimwengu haukusikia. Kwa zaidi ya miaka kumi Fleming alitunza ukungu ule na kuwagawia watafiti waliouomba.

Panya wanane na polisi mmoja

Kazi aliyoiacha njiani ilichukuliwa na wengine huko Oxford: Howard Florey, mzaliwa wa Australia, Ernst Chain, Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, na Norman Heatley, mwanabiokemia mwenye akili ya kubuni vifaa. Vita ya Pili ilikuwa imeanza na vifaa havikupatikana, hivyo waliotesha ukungu hata katika mabeseni ya kujisaidia wagonjwa wa kitandani.

Tarehe 25 Mei 1940 waliwachoma panya wanane streptokoki wengi wa kuua. Wanne wakapewa penisilini, wanne wakaachwa. Asubuhi iliyofuata panya wanne walioachwa walikuwa wamekufa. Waliopewa dawa walikuwa hai.

Februari 1941 wakaijaribu kwa mgonjwa, askari polisi aliyekuwa na maambukizi makali usoni na mwilini. Alikuwa amekwisha kupoteza jicho, na hakuna aliyetegemea atapona. Walipoanza kumdunga penisilini, homa ilishuka, akaanza kula, majipu yakaanza kukauka. Lakini dawa yote waliyokuwa nayo ilikuwa ile ya maabara yao. Walikusanya mkojo wake, wakaichuja penisilini iliyotoka nao, wakamdunga tena. Baada ya siku tano ikaisha kabisa. Bakteria waliobaki wakaongezeka, hali ikarudi kuwa mbaya, na mwezi Machi akafariki.

Tunaomba msomaji atulie kidogo hapa. Mtu huyu alikufa kwa kukatika kwa dozi, si kwa uzembe wake wala wa madaktari wake, bali kwa sababu dawa haikuwepo. Madaktari wale wangetoa chochote wapate ya siku chache zaidi. Nasi leo tunayo dozi yote mkononi, imefungwa katika bahasha ya dawa yenye maelekezo, tunameza ya siku mbili na kuitia iliyobaki kabatini.

Mwaka huohuo Florey na Heatley walikwenda Marekani kutafuta msaada. Katika maabara ya kilimo huko Peoria iligunduliwa kwamba ukungu hustawi sana katika maji yaliyolowekewa mahindi, mabaki ya viwanda vya wanga. Mwaka 1942 Fleming mwenyewe alipata penisilini kutoka kwa Florey na kumtibu rafiki aliyekuwa mahututi kwa streptokoki waliofika kwenye utando wa ubongo. Rafiki huyo akapona. Ilipofika mwaka 1944 dawa ilikuwa inatengenezwa kwa wingi wa kutosha majeshi yaliyokuwa vitani, na baada ya vita ikafika kwa raia.

Siku ya heshima na habari ya koo

Mwaka 1944 Fleming alipewa cheo cha heshima na Mfalme wa Uingereza, akaitwa Sir Alexander. Mwaka 1945 yeye, Florey na Chain walipewa pamoja Tuzo ya Nobel ya tiba. Kanisa nalo halikumpuuza, ingawa alilelewa katika Upresbiteri: alikuwa mwanachama wa Akademia ya Kipapa ya Sayansi.

Tarehe 11 Desemba 1945, mjini Stockholm, alitoa mhadhara wake wa Nobel. Angeweza kumaliza kwa kujisifu, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alimaliza kwa kusimulia mfano. Alimtaja mtu mmoja asiye na jina, aliyeumwa koo. Mtu huyo ananunua penisilini mwenyewe na kujipa kiasi kisichotosha kuwaua streptokoki, lakini kinachotosha kuwafundisha namna ya kuistahimili. Kisha anamwambukiza mke wake. Mke anapata nimonia, anapewa penisilini, lakini bakteria hawafi tena. Mke anakufa. Fleming akauliza ni nani mwenye kubeba lawama ya kifo kile, na akajibu kwamba ni mume, kwa kuwa matumizi yake ya ovyo yalibadili tabia ya vijidudu. Fundisho lake lilikuwa fupi: anayetumia penisilini atumie ya kutosha.

Wakati huo penisilini ilikuwa haijamaliza hata miaka mitano mikononi mwa madaktari. Mgunduzi wake alikwisha kuona duka letu la dawa, vidonge vyetu vinne, na bweni letu la kugawana.

Na onyo lilitimia, ingawa si kwa namna ileile ya mfano. Streptokoki wa koo, kwa neema kubwa, hadi leo bado wanauawa na penisilini. Lakini stafilokoki, ndugu wa wale waliokuwa katika kisahani chake, walianza kuishinda dawa katika miaka michache tu ya matumizi yake hospitalini. Leo tatizo hilo lina jina ambalo Wizara ya Afya hulitangaza mara kwa mara: usugu wa vimelea vya magonjwa dhidi ya dawa. Kila tunapomeza antibiotiki pasipo haja, bakteria wengine waliomo mwilini hupata nafasi ya kujifunza usugu huo.

Mwisho wa safari

Miaka ya mwisho Fleming alizunguka nchi nyingi akipokewa kwa heshima. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mara nyingi alikumbusha kwamba yeye hakuitengeneza penisilini bali aliikuta. Maumbile yalikuwa yameifanya. Hakujitajirisha kwayo. Sarah alifariki mwaka 1949. Mwaka 1953 alimwoa Amalia Koutsouri-Vourekas, mtaalamu wa bakteria kutoka Ugiriki aliyefanya kazi katika maabara yake. Tarehe 11 Machi 1955 alifariki nyumbani kwake London kwa ugonjwa wa moyo, na majivu yake yakahifadhiwa katika kanisa kuu la St Paul's mjini humo.

Mwaka mmoja baadaye, mwaka 1956, huku kwetu kando ya Ziwa Tanganyika, alifariki Daktari Adrian Atiman wa Karema. Huyo ni yule Mwafrika aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto na Wamisionari wa Afrika, akasomea udaktari Malta, akaja Karema mwaka 1889 kuwa daktari na katekista. Alipofika hapakuwa na antibiotiki yoyote popote ulimwenguni. Alipofumba macho, zilikuwepo. Maisha ya mtumishi mmoja yalitosha kushuhudia badiliko lote hilo. Yafaa tujiulize kama maisha yetu hayatatosha kushuhudia likipotea.

Tujifunze nini sisi wa Kagongwa

Kwanza, si kila koo linahitaji antibiotiki. Maumivu mengi ya koo huletwa na virusi, na penisilini haiui virusi. Koo linaloambatana na mafua, kikohozi na sauti kukauka mara nyingi ni la namna hiyo, na hupona lenyewe ndani ya wiki moja hivi kwa kupumzika, kunywa vya uvuguvugu, kusukutua maji ya chumvi na kutuliza maumivu. Vumbi la mpunga nalo huwasha koo, na dawa yake ni kitambaa au barakoa puani, si kidonge. Koo la kutiliwa shaka ni lile linalokuja ghafla na homa, bila kikohozi, tezi za shingo zikivimba na kuuma, na madoa meupe ya usaha yakionekana kwenye tezi za koo, hasa kwa mtoto wa umri wa kwenda shule. Huyo apelekwe zahanati au kituo cha afya akapimwe.

Pili, akiandikiwa dawa, aimalize. Kwa koo la streptokoki vidonge vya penisilini au amoksilini kwa kawaida hutolewa kwa siku 10, ingawa maumivu huondoka siku ya pili au ya tatu. Siku zinazobaki si za koo tu. Ni za moyo. Streptokoki wasiotibiwa vema huweza kuleta, wiki mbili au tatu baadaye, homa ya baridi yabisi: viungo huvimba, na milango ya moyo huanza kuharibika. Mtoto aliyeumwa koo akiwa darasa la tatu anaweza kuja kuishiwa pumzi akiwa kijana, au binti akagundulika akiwa mjamzito. Hapo tiba si vidonge tena. Ni sindano za kila mwezi kwa miaka mingi, na pengine upasuaji wa moyo katika taasisi kama ile ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Familia ngapi za hapa zinaweza kubeba gharama hiyo? Mahali ambapo mgonjwa haaminiki kumaliza vidonge, wahudumu wanaweza kumdunga sindano moja ya penisilini inayodumu mwilini kwa wiki kadhaa. Mwenye mzio wa penisilini aseme kabla ya kupewa.

Tatu, kisu kina mahali pake. Upasuaji wa kuondoa tezi za koo hufikiriwa kwa anayeugua mara nyingi mno: mara saba au zaidi katika mwaka mmoja, au mara tano kila mwaka kwa miaka miwili mfululizo, au mara tatu kila mwaka kwa miaka mitatu. Hufikiriwa pia kwa mtoto ambaye tezi zake ni kubwa hadi anakoroma na kukatikiwa pumzi usingizini. Ni upasuaji wa hospitali yenye mabingwa wa pua, koo na masikio, kama Bugando kule Mwanza, hospitali ya rufaa iliyo chini ya maaskofu wetu. Mgonjwa hulazwa usingizi kwa dawa, na huangaliwa baadaye asitokwe damu.

Kisu ambacho hakina mahali ni kile cha kukata kimeo, kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa, ambacho watoto wetu wengi bado hukatwa na mafundi wa mitaani eti kikohozi kiishe. Kimeo si mafindofindo, na kukikata hakuwaondoi bakteria. Watoto hupoteza damu, huambukizwa, na wengine hufa.

Wengine watatuuliza: basi baraka ya Mtakatifu Blasi ni ya nini? Ni ya kumweka mgonjwa mikononi mwa Mungu, ambaye, kadiri ya kitabu cha Yoshua bin Sira sura ya 38, ndiye aliyemweka daktari na kuzitoa dawa katika ardhi. Hata ukungu uliotua juu ya kisahani London ulikuwa wa kwake. Mishumaa shingoni na vidonge mfukoni havishindani. Anayepokea kipawa nusu na kukitupa nusu ndiye anayeshindana na Mpaji.

Kwa upande wetu tumeanza na bweni letu. Dawa ya mgonjwa sasa ni ya mgonjwa, na anayemhudumia humhesabia hadi kidonge cha mwisho. Mwenzetu mwingine akiumwa koo tunamsindikiza zahanati badala ya kumgawia. Tumeona kwamba huo ndio upendo wa kindugu tuliokuwa tukiutafuta.

Mtakatifu Blasi, utuombee.